Pro-am za gofu za mastaa: yanayosemwa vijiweni na yanayotokea uwanjani

Kila Februari, picha za waigizaji na wanamichezo wastaafu wakiwa na fimbo za gofu kule Pebble Beach, California, huanza kusambaa mitandaoni. Maoni yanayofuata ni yale yale: hayo si mashindano, ni matajiri wanapunga upepo. Mimi nayapenda mashindano haya na huyafuatilia, na naona mengi yanayosemwa juu yake hayana ukweli. Machache ni ya kweli, na hayo nayo nitayataja.

Kwa asiyeyajua, pro-am ni mashindano ambamo mchezaji wa kulipwa hupangwa pamoja na mchezaji wa ridhaa. Huyo wa ridhaa anaweza kuwa mwanamuziki, mcheza filamu, mfanyabiashara au nyota wa mchezo mwingine.

"Si mashindano, ni maonyesho tu"

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kwa mashindano makubwa mawili, Pebble Beach ya Marekani na Alfred Dunhill Links ya Scotland, si kweli hata kidogo. Pale yanachezwa mashindano mawili kwa mpigo. Mchezaji wa kulipwa huhesabiwa mikwaju yake peke yake (katika gofu, mwenye michache ndiye mshindi), na hiyo ndiyo inayompa nafasi na fedha. Mwaka 2024 zawadi za Pebble Beach zilifika dola milioni 20, na Wyndham Clark aliyeibuka mshindi alichukua milioni 3.6. Jumamosi ya wiki hiyo alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 60, rekodi ya uwanja huo, kisha dhoruba ikafuta raundi ya Jumapili.

Sambamba na hesabu hiyo kuna ya timu. Kila mtu anapiga mpira wake, na kwenye kila shimo timu inachukua matokeo ya yule aliyefanya vizuri zaidi. Hapo ndipo hendikapu, yaani nafuu ya mikwaju anayopewa mchezaji wa ridhaa kulingana na uwezo wake, inapofanya kazi. Chukua shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne. Bingwa anatumia minne. Mwenzake wa ridhaa naye anatumia minne, lakini hendikapu yake inampa nafuu ya mkwaju mmoja kwenye shimo hilo, hivyo anaandikiwa mitatu. Timu inachukua mitatu ya staa na kuiacha minne ya bingwa. Ukishaielewa hesabu hii, kila mpira wa staa unaokaribia shimo unakuwa na uzito, na utajikuta unamshangilia mtu uliyekuwa unamcheka dakika tano zilizopita.

Mwaka 2011 D.A. Points alishinda vyote viwili Pebble Beach: taji lake mwenyewe, na lile la timu akiwa na mchekeshaji Bill Murray.

Ila tutenganishe mambo. Katika wiki nyingi za msimu, pro-am huchezwa Jumatano, kabla mashindano yenyewe hayajaanza Alhamisi. Hizo ni za wadhamini na wageni wao, na mikwaju ya siku hiyo haiingii kwenye hesabu ya mashindano. Anayeziita hizo maonyesho simpingi.

"Mabingwa hawawezi kucheza vizuri wakiwa na watu hao"

Uwanja wa kale wa St Andrews, Scotland, unajibu. Mwaka 2017 Ross Fisher aliumaliza kwa mikwaju 61 katika Alfred Dunhill Links. Mwaka 2024 Tyrrell Hatton akafanya hivyo hivyo katika mashindano yale yale, tena raundi ya tatu, siku ambayo kila mchezaji wa kulipwa bado anatembea na mwenzake wa ridhaa. Wapo mabingwa wasiopenda mfumo huu na hukaa pembeni, hilo lipo. Lakini kusema kwamba unaua kiwango ni kuwaonea.

"Mastaa hawajui kucheza"

Wapo wasiojua. Charles Barkley, gwiji wa mpira wa kikapu, kwa miaka mingi alikuwa na ugonjwa wa kukwama katikati ya mkwaju: fimbo inashuka, inasita njiani, halafu ndiyo inaufikia mpira. Jack Lemmon, mwigizaji mkubwa wa Hollywood, alirudi Pebble Beach zaidi ya miaka ishirini akitafuta kuvuka mchujo na timu yake, na hakuwahi kuvuka. Watu walimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alirudi tena na tena.

Lakini angalia upande wa pili. Kila Julai, kando ya ziwa Tahoe, huchezwa American Century Championship, mashindano ya mastaa watupu yaliyoanza mwaka 1990. Si pro-am kwa maana kamili, kwa kuwa wanashindana wao kwa wao, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Mwaka 2023 Stephen Curry, nyota wa kikapu wa Golden State Warriors, alitumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja tu siku ya Jumamosi, akakimbia kama mtoto. Kesho yake alifika shimo la mwisho akiwa nyuma ya Mardy Fish, mcheza tenisi wa zamani aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Curry alihitaji kuusukuma mpira shimoni kutoka umbali wa mita tano hivi. Ukaingia. Pointi 75 kwa 73.

Tony Romo, aliyekuwa kiongozi wa mashambulizi wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, ameshinda Tahoe mara tatu: 2018, 2019 na 2022. Hawa si watu wa kubahatisha.

"Basi kama wanajua hivyo, hawako mbali na mabingwa"

Hii ni dhana ya watu wanaoupenda mchezo, na ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu kuivunja ndiko kunakozifanya pro-am zistahili muda wa mtu.

Romo huyo huyo alialikwa kucheza na wanaume wa kulipwa katika mashindano ya PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya kulipwa ya Marekani, huko Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, Machi 2018. Alipiga 77 na 82, akashika mkia. Miezi michache baadaye alikuwa bingwa wa Tahoe. Curry alijaribu bahati yake Agosti 2017 katika ligi ya chini ya ile ya PGA, akapiga 74 na 74. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kikapu, hayo ni matokeo ya kuheshimika sana, na bado hakuvuka mchujo.

Ukitazama mashindano ya kawaida ya gofu kwenye televisheni, pengo hili hulioni. Wote uwanjani ni hodari, mipira yote inakwenda inakoelekezwa, na mtazamaji anaanza kuamini kwamba ni mchezo mwepesi wa wazee. Pro-am inakuwekea bingwa na mtu wa kawaida wakisimama mahali pamoja, wakipigwa na upepo ule ule.

Nenda shimo la 7 la Pebble Beach. Ni fupi, kama mita 97 tu, linateremka kuelekea baharini. Bingwa hachukui fimbo haraka. Anarusha majani hewani, anaongea na mbeba mikoba wake, na upepo wa Pasifiki ukiwa mkali anachagua fimbo ya kupiga mbali kuliko umbali unavyodai, kisha anapiga mkwaju wa chini, nusu nguvu. Staa anayefuata anaona mita 97, anachukua fimbo ya mita 97 na kuurusha mpira juu. Upepo unaubeba, unaupeleka mchangani au kwenye miamba. Wote wawili wana nguvu mikononi. Tofauti iko katika yale yaliyofanyika kabla ya fimbo kunyanyuliwa. Anayejifunza gofu atapata somo pale kuliko kwenye saa nyingi za kumtazama bingwa peke yake.

Au shimo la 17 la St Andrews, ambako mkwaju wa kwanza unapaswa kupita juu ya mabanda ya hoteli iliyo pembeni. Bingwa anapita juu ya maandishi ya ukutani bila kubabaika. Wa ridhaa wengi hukwepa kushoto, na hapo shimo limeshawashinda.

"Hendikapu ni leseni ya kudanganya"

Inaweza kutumiwa vibaya, na imewahi kutumiwa. Mwaka 1995 timu iliyoshinda upande wa ridhaa Pebble Beach ilivuliwa ushindi baadaye, ilipogundulika kwamba mfanyabiashara mmoja kutoka Japani alijiandikisha na hendikapu kubwa kuliko uwezo wake halisi. Kwamba alikamatwa na kuvuliwa kunaonyesha kwamba sheria ipo na inafuatwa.

"Ni starehe ya matajiri, haina faida kwa mtu mwingine"

Ukwasi upo, sikatai. Hata hivyo mashindano ya Pebble Beach yalianzishwa na mwimbaji Bing Crosby mwaka 1937 huko Rancho Santa Fe, wakati ambapo wachezaji wengi wa kulipwa walikuwa wakihangaika kimaisha. Mvua iliharibu ratiba, yakachezwa mashimo 18 tu, na Sam Snead akashinda dola 500. Leo yanaendeshwa na taasisi isiyo ya faida ya eneo hilo la Monterey, na mapato yanakwenda kwa mashirika ya kijamii. Mchekeshaji Bob Hope, aliyebeba pro-am nyingine ya jangwani California, alitoa ekari 80 za ardhi palipojengwa hospitali ya Eisenhower, na mashindano yake yakaichangia kwa miaka mingi.

Ni katika mashindano hayo ya Hope, Februari 1995, ambapo Bill Clinton akiwa madarakani alicheza pamoja na marais wastaafu George Bush mkubwa na Gerald Ford. Mpira wa Bush ulimpiga usoni mwanamke mtazamaji, akashonwa nyuzi. Wa Ford nao ukamgonga mtazamaji mwingine. Kwa hiyo ukienda uwanjani, usisimame pembeni mbele ya mpigaji wa ridhaa. Kaa nyuma yake, au subiri kwenye eneo la shimo. Hata Nairobi, pro-am ya Kenya Open inapochezwa Muthaiga au Karen, zingatia hilo.

"Yanachosha kwa urefu"

Kweli tupu. Raundi moja inaweza kuchukua zaidi ya masaa matano, na matangazo ya televisheni yana tabia mbaya ya kukatiza mkwaju muhimu wa anayeongoza ili kumwonyesha mwigizaji akicheka. Hilo linaniudhi hadi leo. Pebble Beach walilisikia lalamiko: tangu 2024 wachezaji wa kulipwa wamepunguzwa wakawa 80, na wa ridhaa wanacheza Alhamisi na Ijumaa tu. Ukiwasha televisheni Jumapili ukitafuta mastaa, hutawaona.

Kwa aliye Afrika Mashariki, saa nazo zinaamua. Mchezo unaoanza Pebble Beach saa nne asubuhi, huku ni saa tatu usiku. Alfred Dunhill Links ya mwanzoni mwa Oktoba inachezwa saa mbili tu nyuma yetu, hivyo ni ya mchana na jioni. Ina wachezaji 168 wa kulipwa na 168 wa ridhaa, wanaozunguka viwanja vitatu kwa siku tatu: St Andrews, Carnoustie na Kingsbarns. Jumapili hubaki timu 20 zilizovuka mchujo. Kama utachagua moja ya kuanzia, chagua hiyo, na ianze Alhamisi, wakati wote bado wapo.