FTP ni nini, na inapimwaje?

FTP (kwa Kiingereza, Functional Threshold Power) ni wati nyingi zaidi ambazo mwendesha baiskeli anaweza kuzitoa mfululizo kwa takriban saa moja. Tusiichanganye na nguvu ya kukimbilia mstari wa kumalizia: anayefikisha wati 900 kwa sekunde chache anaweza kuachwa mbali kwenye mlima mrefu na mwenye 600. Mwendokasi nao haufai kuwa kipimo, maana upepo na mteremko huubadilisha.

Kifaa cha kupimia wati hukaa kwenye pedali, krenki (mkono unaoshika pedali) au kitovu cha gurudumu la nyuma. Huhisi chuma kinavyopinda kidogo chini ya nguvu ya mguu, na joto likibadilika usomaji hupotoka. Kwa hiyo baiskeli ikitoka ndani, iache ipoe nje kwanza, kisha rudisha kifaa kwenye sifuri. Vifaa vya bei nafuu hupima mguu wa kushoto tu na kuzidisha mara mbili. Kama mguu huo ndio wenye nguvu zaidi, namba itakudanganya.

Jaribio la kawaida ni la dakika 20. Pasha misuli moto kwa dakika 20, kaza kwa nguvu zote dakika 5, endesha taratibu dakika 10, kisha anza dakika 20 zenyewe. Zile dakika 5 usiziruke: zinapunguza akiba ya nguvu za muda mfupi, ambayo ingepandisha wastani isivyo halali. Chukua wastani wa dakika 20, zidisha kwa 0.95. Wastani wa wati 240 unatoa FTP ya 228. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni wati 3.5 kwa kilo. Mazoezi yake ya ustahimilivu yatakuwa kati ya asilimia 56 na 75 ya FTP, yaani wati 128 hadi 171.

Wengi huharibu jaribio katika dakika 3 za mwanzo kwa kuanza kwa pupa. Anza chini kidogo ya lengo, ongeza baada ya dakika 10. Kwa wa Moshi, mpando wa Himo kwenda Marangu alfajiri unafaa, kwa sababu miguu haipati nafasi ya kupumzika. Barabara kuu ya Arusha, pamoja na malori na mabasi yake, iacheni kabisa.

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, juu zaidi ya Moshi, na hewa nyepesi hupunguza wati. Ukihamia huko pima upya. Rudia kila wiki 6 hadi 8, barabara ileile, kifaa kilekile, miguu ikiwa imepumzika siku moja au mbili.