Pengo la ujuzi: maana yake, na kwa nini kozi si tiba ya kila mahali

Waajiri wanalalamika kwamba hawapati watu wenye ujuzi. Wahitimu wanalalamika kwamba hawapati kazi. Malalamiko hayo mawili husikika katika nchi moja, mwaka mmoja, pengine katika mkutano mmoja, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Watunga sera wameipa hali hiyo jina: pengo la ujuzi.

Kwa lugha nyepesi, pengo la ujuzi ni tofauti kati ya ujuzi walionao watu na ujuzi unaohitajika katika kazi zilizopo. Maana hiyo inaeleweka haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukisikia neno pengo unaona shimo, na shimo hufukiwa. Basi wizara inatenga fedha, vyuo vinaongeza kozi, vijana wanapewa vyeti, na baada ya miaka mitatu malalamiko ni yaleyale. Mshauri wa sera za ajira anapoitwa na serikali, kazi yake ya kwanza ni kulifungua neno hili aone ndani yake mna nini. Humo hukaa matatizo kadhaa yasiyofanana, na dawa ya moja huweza kulizidisha jingine.

Tuanze na lile linalosemwa zaidi: uhaba. Uhaba ni pale ambapo nafasi zipo, waajiri wanatafuta watu kwa dhati, kwa masharti ya kawaida ya soko, na watu wenye ujuzi huo hawapatikani. Hilo la masharti ya kawaida husahaulika sana.

Chukua mfano wa kiwanda kinachosema hakipati mafundi umeme. Mshauri makini haandiki "uhaba wa mafundi umeme" kisha akaondoka. Anaomba kuliona tangazo la kazi. Tuseme linataka stashahada, uzoefu wa miaka mitano, umri usiozidi miaka 30, zamu za usiku, na mkataba wa miezi mitatu. Mshahara haukutajwa. Sasa piga hesabu. Kijana aliyemaliza stashahada akiwa na miaka 23 na kuajiriwa siku iliyofuata atatimiza uzoefu huo akiwa na miaka 28. Akichelewa kupata kazi ya kwanza kwa miaka miwili tu, anafika huko akiwa na miaka 30, tangazo likiwa karibu kumfungia mlango. Na yule aliyebahatika kutimiza masharti yote huenda tayari ana kazi ya kudumu mahali pengine. Aiache aende kwenye mkataba wa miezi mitatu kwa sababu gani? Mafundi wapo. Wamelisoma tangazo wakapita.

Ndiyo maana ujira ni kipimo kikubwa cha uhaba. Kitu kikiadimika bei hupanda, na kazi haina tofauti. Waajiri wakilia kwa miaka mitano kwamba fundi hapatikani huku ujira wa fundi ukiwa palepale, kilio hicho kinahitaji kuchunguzwa. Uingereza iliunda mwaka 2007 Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, jopo la wataalamu wa kuishauri serikali, miongoni mwa mengine, ni kazi zipi zijazwe na watu kutoka nje. Kamati ilijiwekea maswali matatu kwa kila kazi: Je, ni kazi ya ujuzi kweli? Je, uhaba upo kweli? Je, ni busara kuumaliza kwa kuleta watu kutoka nje? Nayapenda maswali hayo kwa sababu kila moja linaweza kujibiwa "hapana" hata pale mengine yamejibiwa "ndiyo".

Hata hivyo ujira hausemi ukweli wote. Mishahara ya wauguzi na walimu, mahali pengi, hupangwa na serikali yenyewe. Hapo uhaba unaweza kuwa mkali, wodi ikabaki na muuguzi mmoja usiku kucha, na mshahara usisogee kwa sababu anayeupanga ni bajeti, wala si soko. Mshauri anayetazama ujira peke yake ataandika kwamba hakuna uhaba, na wagonjwa ndio watakaolipia kosa lake.

Tatizo la pili huenda upande wa pili kabisa: elimu kuizidi kazi. Mwenye shahada anafanya kazi ambayo ingefanywa na aliyemaliza sekondari. Kulipima, wanatakwimu hutumia uainishaji wa kimataifa wa kazi uliopitishwa mwaka 2008, unaogawa kazi zote katika makundi makuu 10, kisha kila kundi hulinganishwa na kiwango cha elimu kinacholifaa. Kipimo hicho ni cha haraka, lakini kinahesabu vyeti, na cheti na ujuzi ni vitu viwili. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo lililiona hilo waziwazi lilipowapima watu wazima wa miaka 16 hadi 65 katika kusoma, kuhesabu na kutatua matatizo, matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 2013. Wenye cheti cha kiwango kimoja walitofautiana sana katika wanachoweza kufanya. Basi katika wale wanaoitwa "waliosoma kupita kiasi", wamo walioizidi kazi yao hasa, na wamo ambao cheti kiliwapa jina tu.

Ukiongeza kozi palipo na tatizo hili, unapanga watu wengi zaidi kwenye foleni ileile. Kinachokosekana ni kazi zenyewe, na dawa yake iko mbali na wizara ya elimu: iko kwenye uwekezaji, mikopo kwa biashara, umeme, barabara. Kumwambia kijana mwenye shahada asiye na kazi kwamba hana ujuzi, wakati kazi ndizo hazipo, ni kumbebesha mzigo usio wake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika matumizi ya neno hili.

Yapo mengine, nayataja kwa ufupi: mtu kufanya kazi ya fani ambayo hakuisomea, ujuzi kupitwa na wakati mashine zinapobadilika, na wafanyakazi waliokwisha ajiriwa kuhitaji kuongezewa maarifa kazini. Hili la mwisho ndilo kozi hulitibu vizuri, ilimradi mwajiri ashiriki kuipanga.

Kuna watu ambao takwimu za pengo la ujuzi huwaruka kabisa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, wako katika ajira isiyo rasmi. Utafiti wa waajiri huanza na orodha ya kampuni zilizosajiliwa, kwa hiyo hauwafikii. Matangazo ya kazi mtandaoni nayo hayawahusu. Humo wamo waashi, mafundi seremala na washonaji waliojifunza kwa kukaa miaka na fundi mkuu, mikono yao inajua kazi barabara, na kwenye dodoso wanaandikwa "hana mafunzo". Fundi wa namna hiyo hahitaji kurudishwa darasani kuanza moja. Anahitaji urasimishaji wa ujuzi: apewe kazi aifanye mbele ya mtahini, na akifaulu apewe cheti kinachotambulika.

Tuseme sasa uchunguzi umefanyika, na imethibitika kwamba mafunzo ndiyo dawa. Yanafaa kwa kiasi gani? David McKenzie wa Benki ya Dunia alipitia mwaka 2017 tathmini za mafunzo ya ufundi katika nchi zinazoendelea. Hesabu yake: katika kila watu 100 waliopewa nafasi ya mafunzo, waliopata kazi ambayo bila mafunzo wasingeipata hawakufika watatu. Uchambuzi wa David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zaidi ya 200, unatia moyo kidogo: mwanzoni matokeo ya programu za ajira kwa wastani huwa karibu na sifuri, lakini miaka miwili au mitatu baadaye faida huonekana, hasa kwa programu zinazojenga ujuzi. Serikali inayopima mafanikio siku ya mahafali inapima mapema mno.

Mafunzo yanayofanyika ndani ya sehemu ya kazi hufuta swali la kama kozi inaendana na mahitaji. Ujerumani, ambayo sheria yake ya mafunzo ya ufundi ni ya mwaka 1969, mwanagenzi huitumia sehemu kubwa ya wiki kwa mwajiri na sehemu ndogo shuleni, akilipwa posho. Kikwazo kinachowarudisha nyuma waajiri kwingineko kinajulikana: nimfundishe mimi, kesho jirani amchukue. Tozo ya mafunzo ilibuniwa kwa ajili hiyo, kila mwajiri achangie, afundishe asifundishe. Uingereza ilianza yake mwaka 2017, asilimia 0.5 ya mishahara kwa waajiri ambao jumla ya mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 122 wa mwaka 1964, kuhusu sera ya ajira, unazitaka serikali ziwasikilize wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi pia. Katika suala la ujuzi sharti hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mwajiri hujua nafasi iliyo wazi, lakini anayejua kwa nini iko wazi ni aliyeiacha. Mshauri akiweza, awatafute mafundi watano au sita walioondoka kwenye kile kiwanda mwaka uliopita, awaulize wako wapi sasa. Wakiwa wanafanya kazi ileile ya umeme kwa mwajiri mwingine, kiwanda kina tatizo la masharti yake. Wakiwa wameiacha fani kabisa, wanauza vocha au wanaendesha magari, ni ujira wa fani nzima. Wakiwa wamehama nchi, ni jambo la tatu. Na ikiwa kiwanda kimepanuka, hakuna aliyeondoka, masharti ni mazuri na bado nafasi kumi ziko wazi, basi chuo kiongeze darasa la umeme.