Ukubwa wa Zabuni Unavyowaweka Kando Wafanyabiashara Wadogo wa Mtwara

Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani hununua vitu vingi ambavyo mafundi na wafanyabiashara wa Chuno, Chikongola na Mikindani wanaweza kuvitoa: madawati, sare, chakula cha vikao, vifaa vya usafi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa hutangazwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kwa maoni yangu, kizuizi kikubwa kilichobaki ni ukubwa wa zabuni yenyewe.

Tuchukulie kuwa yanahitajika madawati 600 kwa mkupuo. Seremala mwenye vijana wanne karakanani hana fedha za kununua mbao zote hizo, achilia mbali kusubiri malipo, kwa hiyo kazi humwendea mwenye mtaji, ambaye huenda akamrudia seremala yuleyule na kumpa ujira mdogo. Yakitangazwa mafungu 12 ya madawati 50, seremala huyo anaweza kushindana mwenyewe. Maafisa ununuzi husita hapa, na wana sababu, kwa kuwa sheria inakataza kuvunjavunja ununuzi ili kukwepa ushindani. Hata hivyo, zabuni moja yenye mafungu kadhaa, kila fungu likishindaniwa kwa uwazi, ni jambo tofauti kabisa na linaruhusiwa. Linachohitaji ni kupangwa mapema katika mpango wa ununuzi wa mwaka.

Majira nayo yaangaliwe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, ilhali huku kwetu fedha huanza kuzunguka minada ya korosho inapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba, hivyo fungu la Agosti humkuta fundi mtaji umekauka. Malipo yakichelewa, hata fungu dogo humfilisi, na hili halmashauri haina budi kulibeba kama wajibu wake.

Kwa walio katika makundi maalumu, pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, anayeongoza usajili wa kikundi. Hufuata namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, akaunti ya benki na usajili katika NeST. Haya yakamilishwe kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu siku za kuwasilisha maombi huwa chache.