Uvimbe wa ziwa usiouma: maswali ya akina mama wa Lamu

Maswali haya tunaulizwa mjini Amu na kisiwani Pate, na mara nyingi anayeuliza ameshauficha uvimbe wake chini ya buibui miezi mingi.

Saratani ya ziwa ni nini?
Ni chembechembe za ziwa kukua ovyo hadi zikafanya uvimbe, kisha zikatambaa kwapani, mifupani, mapafuni au kwenye ini. Wanaume pia huipata, kwa uchache.

Nina kijiuvimbe lakini hakiniumi. Si kitu, au sivyo?
Nenda ukapimwe. Saratani ya ziwa inapoanza kwa kawaida haiumi. Narudia: haiumi. Uvimbe mwingi wa ziwa si saratani, na Mungu ajaalie wako uwe katika huo, lakini hakuna awezaye kujua kwa kupapasa tu. Tazama pia ngozi iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, na tezi kwapani.

Basi nije ukianza kuuma?
Hapana, mama, hapana! Wanaongoja maumivu ndio tunaowapokea kidonda kikiwa wazi, wamejifunga leso mbili kuzuia harufu, na jamaa zao wanauliza mbona hospitali haiponyi. Ukija mapema huenda ukaondolewa uvimbe peke yake na ziwa likabaki. Usingoje uume.

Nimekandwa, nimeumikwa chuku nikatolewa damu, nimenywa kombe la aya za Kurani. Nimalize kwanza?
Kombe na dua havikuzuii kupanda mashua. Kunywa, kisha njoo siku hiyo hiyo. Kukanda acha. Na hizo dawa za kuchoma zinazopakwa juu ya uvimbe, zitupe leo.

Sindano ya kutoa kijinyama haitausambaza?
Haitausambaza. Maneno haya yametokana na waliokuja wamechelewa, wakadungwa, wakafa. Kilichowaua ni kule kuchelewa. Ultrasaundi na mamogramu huonyesha uvimbe. Kama ni saratani au si saratani, hilo huthibitishwa maabara kwa kukipima hicho kijinyama.

Nisubiri Oktoba, shirika la saratani likija na uchunguzi wa bure?
Mashirika ya hisani yanafanya kazi kubwa: huleta uchunguzi vijijini, huwakutanisha wagonjwa na waliopona, na wengine huwasaidia nauli. Lakini kambi zile ni za mtu asiyeona dalili yoyote. Wewe uvimbe umeuona Machi, nenda Machi. Mashua ya Faza hungoja maji yajae ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Uvimbe hauna kupwa wala kujaa.

Sitaki kuguswa na daktari mwanamume.
Ni haki yako. Omba muuguzi au daktari wa kike, uje na dadako au shangazi. Kama hayupo, uliza zamu yake ni lini, urudi siku hiyo, si Ramadhani ikiisha.