Uvunaji wa viungo kwa lazima: maana yake kisheria

Uvunaji wa viungo kwa lazima ni kumtoa mtu figo, ini, moyo au kiungo kingine bila ridhaa yake ya hiari, ili kipandikizwe kwa mgonjwa. Itifaki ya Palermo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000, iliyoutaja utoaji wa viungo kuwa aina mojawapo ya unyonyaji katika usafirishaji haramu wa watu, inasema kuwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wa mtu haihesabiki. Kijana fukara aliyedanganywa kuhusu safari yake hawezi kuambiwa alikubali, hata kama alitia saini. Tena si lazima upasuaji uwe umefanyika: mwaka 2023 mahakama ya London ilimtia hatiani Ike Ekweremadu, seneta wa Nigeria, kwa njama ya kumleta Uingereza kijana kutoka Lagos ili atolewe figo, ingawa madaktari walikuwa wamekataa kuendelea.

Itifaki hiyo humfuata mtu anayesafirishwa, lakini kiungo kinaweza kuuzwa bila mtoaji kuondoka mjini kwake. Pengo hilo lilishughulikiwa na mkataba wa Baraza la Ulaya uliofunguliwa kutiwa saini Santiago de Compostela mwaka 2015, ambao unazitaka nchi wanachama zihesabu biashara yenyewe ya viungo kuwa jinai.

Kilicho kigumu zaidi ni kumfikia mnunuzi anayekwenda kupandikizwa ng'ambo kisha akarejea kwao kimya kimya. Hispania ilibadili sheria yake ya jinai mwaka 2010 ili mpokeaji anayejua asili haramu ya kiungo aadhibiwe, na mwaka 2022 Uingereza na Kanada zilipitisha sheria zinazowafuata watu wao hata nje ya mipaka. Hoja iliyosukuma sana sheria hizi ni China, ambako maofisa wenyewe walikiri kutumia viungo vya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo, kabla ya kutangaza kuwa desturi hiyo ingekoma mwaka 2015. Jopo huru lililoketi London lilihitimisha mwaka 2019 kuwa wafungwa wa dhamiri, yaani waliofungwa kwa sababu ya imani yao, hasa wafuasi wa Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku nchini humo, waliuawa kwa ajili ya viungo vyao, jambo ambalo China inalikanusha.

Kwa maoni yangu, njia ya Israel ndiyo yenye makali zaidi. Ushahidi wa uhalifu kwa kawaida hubaki hospitalini katika nchi ya mbali, mikononi mwa walionufaika nao, lakini sheria ya Israel ya mwaka 2008 inazuia bima kulipia upandikizaji wa nje uliohusisha biashara ya viungo, na baada yake safari hizo zilipungua sana.