Je, wajua kwa nini rubani binafsi wa Nairobi husherehekea tarehe 17 Desemba kwa kuruka?

Desemba jijini Nairobi ina siku tatu za kutazama juu, na wengi wetu tunaijua moja tu: Jamhuri, tarehe 12, ndege za jeshi zinapopita juu ya uwanja wa sherehe na watoto wakaziba masikio. Siku tano kabla yake, tarehe 7, ni Siku ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga, inayokumbuka mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944. Hiyo ni siku ya maofisa. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mkataba huo, lina ofisi yake ya kanda papa hapa Gigiri.

Siku ya tatu ni tarehe 17, na hiyo haina gwaride wala hotuba. Mkazi wa South C au Lang'ata huisikia kabla ya kuiona: mngurumo mwembamba wa ndege ya injini moja ikipanda kutoka uwanja wa Wilson mapema asubuhi. Ndani yake anaweza kuwa mtu asiyelipwa hata senti, aliyenunua mafuta kwa pesa zake, na asiye na mahali anapokwenda. Ataruka, atazunguka, atarudi palepale. Wapo marubani binafsi wenye desturi hii, na wapo wa Nairobi wanaoipenda. Mbona wasikate keki tu, wakapiga picha kando ya ndege, mambo yakaisha?

Jibu linaanzia kwenye ufuo wa bahari huko North Carolina, Marekani, karibu na kijiji cha Kitty Hawk. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Desemba 1903, Orville Wright alilala kifudifudi juu ya bawa la ndege ya mbao na kitambaa ambayo yeye na kakake Wilbur walikuwa wameiunda wenyewe. Walikuwa mafundi baiskeli kutoka mji wa Dayton, Ohio. Siku tatu kabla ya hapo walikuwa wamerusha sarafu, Wilbur akashinda, akainua pua ya ndege kupita kiasi na kuiangusha mchangani. Sasa ilikuwa zamu ya mdogo mtu. Baridi ilikuwa kali hata madimbwi yakaganda, na upepo ulikuwa ukivuma kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Ndege iliteleza juu ya reli yake ikauelekea upepo huo, ikainuka, ikakaa hewani sekunde 12 na kwenda mita 36 hivi. Ikipimwa dhidi ya ardhi ilikuwa polepole mno, kiasi cha kilomita 11 kwa saa, na Wilbur alikimbia kando yake kwa miguu. Siku hiyo waliruka mara nne kwa kupokezana. Ya mwisho, Wilbur akiwa kwenye usukani, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260.

Hayo wengi wameyasoma shuleni. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba siku tisa kabla yake, tarehe 8 Desemba, mwanasayansi mashuhuri Samuel Langley alijaribu kurusha ndege yake juu ya mto Potomac, mjini Washington. Langley alikuwa amepewa na serikali dola 50,000. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 52, ile ya akina Wright ilikuwa na 12 tu, na mradi wao wote haukuwagharimu hata dola 1,000. Ndege ya Langley ilivunjika na kutumbukia mtoni, rubani wake Charles Manly akaokolewa majini.

Pesa alikuwa nazo Langley, na nguvu ya injini pia. Kilichokosekana ni mazoezi ya mkono. Manly hakuwa amewahi kuongoza chombo hewani hata siku moja. Akina Wright walikuwa wametumia majira ya mwaka 1902 wakiruka kutoka vilima vya mchanga kwa ndege isiyo na injini, mara mia saba hadi elfu moja, wakijifunza kuishika inapoinamia upande, inapoinua pua, inapoyumba. Mtengeneza baiskeli anajua jambo ambalo wataalamu wengi wa zama zile hawakulikubali: chombo hakilazimiki kusimama chenyewe bila kuanguka, kinahitaji tu mwendeshaji anayekirekebisha kila nukta. Ndiyo maana waliunda mabawa yanayoweza kupindwa kwa kamba ili ndege iinamie upande wanaoutaka, usukani wa mbele wa kuinua na kushusha pua, na usukani wa nyuma wa kuigeuza. Ndege zote za leo, kuanzia Cessna ya wanafunzi pale Wilson hadi Dreamliner ya Kenya Airways, huongozwa kwa njia hizo tatu.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kinachosherehekewa tarehe 17. Chombo chenyewe hakikuruka tena baada ya siku ile. Kilipeperushwa na upepo kikapinduka na kuvunjika kabla jioni haijafika. Kilichobaki ni ustadi, na ustadi hauwekwi kwenye kabati la makumbusho. Mwaka 2003, miaka mia moja ilipotimia, maelfu ya watu walikusanyika palepale ufuoni na Rais George W. Bush akahutubia. Nakala ya ndege ile ilikuwa imeundwa kwa uangalifu mkubwa, kijiti kwa kijiti. Mvua ikanyesha, upepo ukafifia, na ndege ikateleza mwisho wa reli ikaishia matopeni. Walikuwa na ndege sahihi, tarehe sahihi na mahali sahihi. Hewa ilikataa.

Tuje sasa kwa rubani binafsi. Leseni yake inamruhusu kuendesha ndege na kubeba jamaa na marafiki, lakini haimruhusu kulipwa kwa kazi hiyo. Rubani wa shirika huruka kwa sababu ratiba inamtaka. Wa binafsi hana ratiba, na kazi ya ofisini, karo za watoto na bei ya mafuta ya ndege vinaweza kumweka chini miezi mitatu bila yeye kugundua. Mkono nao husahau. Kanuni ya nchi nyingi inasema kwamba rubani ambaye hajapaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita hana ruhusa ya kubeba abiria mpaka afanye hivyo. Kwa mtu kama huyo, maadhimisho ni sababu njema ya kuitoa ndege bandani. Anamkumbuka Orville kwa kufanya kile Orville alichokuwa akikifanya: mazoezi.

Na mazoezi ya Nairobi yana ugumu wake. Kitty Hawk iko usawa wa bahari. Wilson iko futi 5,536 juu yake, karibu mita 1,690. Huko juu hewa ni nyepesi, na ndege hula hewa mara tatu: bawa linaihitaji ili liinue, propela inaihitaji ili ivute, injini inaihitaji ili ichome mafuta. Hewa ikipungua, vyote vitatu hudhoofika kwa pamoja. Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko.

Kisha ongeza joto. Hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo marubani huhesabu mwinuko ambao ndege inauhisi, si ule ulioandikwa kwenye ramani. Hesabu yenyewe ni rahisi. Majedwali ya ndege yanachukulia kwamba kwenye mwinuko wa Wilson joto la kawaida lingekuwa nyuzi 4 hivi. Alasiri ya Desemba jijini huweza kufika nyuzi 25. Hiyo ni ziada ya nyuzi 21, na kila moja huongeza karibu futi 120. Ukijumlisha unafika futi 8,000, ambazo ni kama urefu wa kilele cha milima ya Ngong. Maana yake, ndege iliyosimama pale Wilson saa tisa alasiri, magurudumu yakiwa juu ya lami, inavuta hewa ya kileleni Ngong.

Ukilinganisha hewa hiyo na ile ya baridi ya ufuoni mwaka 1903, unapata robo tatu tu ya uzito wake. Ndege ya akina Wright, yenye nguvu za farasi 12 na upepo wote ule wa kuisaidia, iliinuka kwa shida. Ingeletwa Wilson alasiri yenye jua, sioni ingewezaje kuondoka kwenye reli.

Ndiyo sababu sherehe ya Nairobi ni ya asubuhi. Saa moja, joto likiwa nyuzi 14 au 15, ndege inahisi mwinuko wa chini ya futi 7,000, tofauti ya zaidi ya futi elfu moja na alasiri. Kwa injini ndogo hiyo ni tofauti kubwa sana. Rubani mwenye busara hajazi tangi na viti vyote kwa pamoja. Huchagua moja, mafuta au marafiki. Kabla ya kupaa hupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini ili yalingane na hewa chache iliyopo, jambo ambalo mwenzake wa Malindi, aliye usawa wa bahari, halifanyi. Anapokimbia kwenye njia ya kurukia, kipimo cha kasi kinasoma namba ileile angeisoma pwani, lakini ardhi inapita chini yake kwa haraka zaidi, kwa asilimia 13 hivi katika joto la alasiri, na njia inaliwa upesi. Mgeni kutoka pwani anapoona lami inaisha hushawishika kuvuta usukani mapema. Hapo ndipo ajali huanzia. Ndege huinuka kidogo, hukosa nguvu ya kuendelea, hurudi chini.

Upepo, kwa bahati nzuri, huwa upande wao. Desemba ni msimu wa kaskazi, na Nairobi huvuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, karibu sawa na mojawapo ya njia za kurukia za Wilson inavyoelekea. Kupaa ukiukabili upepo wa mbisho, unaokujia usoni, ni kanuni ileile iliyomwezesha Orville: kila kilomita ya kasi inayoletwa na upepo ni kilomita ambayo injini haihitaji kuitafuta. Ila upande huohuo wa mashariki, kilomita chache tu mbele, kuna uwanja wa Jomo Kenyatta na ndege zake kubwa. Kwa hiyo anayetoka Wilson hapandi atakavyo. Hufuata maagizo ya mnara wa kuongozea ndege, hukaa chini, hugeuka mapema. Tena hutazama korongo: wale marabu wakubwa wanaolala kwenye miti ya barabara ya Mombasa hupanda angani hewa ikianza kupata joto, na mmoja wao akigonga kioo cha Cessna si jambo dogo.

Wengi huelekea magharibi, kuvuka Ngong na kushuka juu ya Bonde la Ufa kuelekea Magadi. Ni safari ya kupendeza kuliko zote zinazoweza kufanywa kutoka jiji hili, na ina mtego mmoja. Upepo ule wa mashariki unaozungusha mitambo ya umeme juu ya milima ya Ngong hupanda mlima upande wa jiji na kuporomoka upande wa bonde. Ndege inayorudi kutoka Magadi ikiwa chini, ikiukabili mlima, huingia kwenye hewa inayoshuka wakati ambao injini yake haina nguvu za kutosha kuishinda. Waliofundishwa vizuri huanza kupanda mapema, wakiwa mbali, na huukaribia mlima kwa mshazari ili waweze kugeuka kurudi bondeni bila kuugusa.

Uwanja wenyewe una historia inayostahili kutajwa siku hiyo. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, na mwaka 1962 uwanja ukapewa jina lake. Ni jina la mwanamke, na wanaopita Lang'ata Road kila siku bila kulijua hilo ni wengi. Haifai pia kuficha kwamba anga hii kwa miongo mingi ilikuwa ya walowezi, na Mwafrika aliruhusiwa kuosha ndege kuliko kuipanda. Leo vijana wa Eastlands na Kitengela huwa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya urubani pale, na wanaoishia kuongoza ndege kubwa huanza na leseni hiihii ya binafsi. Umri wa chini ni miaka 17, saa za kuruka zisizopungua 40, cheti cha daktari na mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Gharama ndiyo ukuta mkubwa uliobaki, na inaniuma kwamba vipaji vingi vinaishia nje ya uzio.

Basi ukiisikia injini ile asubuhi ya tarehe 17, hesabu mizunguko. Ikipita, ikarudi, ikapita tena mara tatu kwa njia ileile, huyo anapaa na kutua kwa mazoezi. Ikipotea upande wa Ngong, itarudi kabla ya saa tano, hewa ikingali nzito ya kutosha na mawingu ya alasiri yakiwa bado hayajasimama.