Kuugua hakuli likizo yako ya mwaka

Tangu korona ituingilie mwaka 2020, wafanyakazi wengi wa posta hapa Nairobi wanaamini kwamba siku za ugonjwa hukatwa kwenye likizo ya mwaka. Si kweli, na imani hiyo ni hatari: karani mwenye homa anakuja kaunta, anagonga mihuri na kupokea noti mkono kwa mkono.

Sheria ya Ajira ya 2007 imetenga likizo ya mwaka na siku za ugonjwa. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una pia likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Mwarifu mkuu wako mapema, peleka cheti cha daktari. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unaweza kukuongezea siku, usome.